Boksi la Mapigo Matatu

"Binti, wimbo wangu ulikosa nini?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi moja, mwaka wangu wa pili kazini, na mwanamume aliyebeba kinanda cha kuvuta begani, kile ambacho watu wetu hukiita onanda.  Nilikuwa na shahada ya muziki na maoni juu ya kila jambo, kuanzia siasa hadi namna ya kukaanga samaki wa ngege, lakini jibu la swali lile sikuwa nalo.

Ninyi mnaobaki kituoni mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka ya mwanzo. Vyeo nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa, na vingine vilipita mlangoni kwangu vikaenda chumba cha pili. Mshahara ndio msiniulize kabisa. Nitaandika juu ya boksi moja la mbao, kwa sababu nikiwasikiliza mnavyosema "hii kitu tumeikuta hivyo" nakereka, na nataka mjue kilianza wapi.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya themanini katika kituo kidogo cha redio Kisumu, kuwa mkutubi wa santuri. Ninyi mliozaliwa na kompyuta hamjui kazi hiyo. Ilikuwa chumba kisicho na dirisha, rafu kutoka sakafuni hadi darini, na joto ambalo lingeweza kukunja santuri kama chapati. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Gideon, mtu mwembamba aliyefunga tai hata Februari, na aliyeamini kwamba binadamu wamegawanyika mafungu mawili: wanaoshika santuri kwa ukingo na wanaoshika kwa kiganja.

"Umekula nini asubuhi?" ndilo neno la kwanza aliloniambia siku yangu ya kwanza.

"Chai, Mzee. Na mandazi."

"Nenda ukanawe. Kwa sabuni. Mafuta ya mandazi yanaingia kwenye mfereji wa santuri, vumbi linanasa, sindano inaruka, na mtu wa Siaya anasikia neno moja mara kumi. Nenda."

Nilinawa. Niliporudi alinipa brashi laini, saa ya kupimia dakika, na rundo la kadi. Kila santuri ilikuwa na kadi yake: jina la mwimbaji, urefu wa wimbo, sekunde za utangulizi kabla sauti haijaingia, na mwisho wake kama unakatika ghafla au unafifia. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Mtangazaji asiyejua wimbo unaisha vipi ni sawa na dereva asiyejua breki iko wapi. Nakubali, Mzee Gideon alinifundisha kazi. Ubishi wangu haukuhusu kazi yake, ulihusu boksi lake.

Boksi lilikaa peke yake juu ya rafu ya mwisho, la mbao nyembamba, limeandikwa VIFO kwa rangi nyekundu. Mnakumbuka matangazo ya jioni, au mama zenu wanakumbuka: fulani wa Asembo Bay amefariki, mume wa fulani, baba ya fulani na fulani, mwili utaondoka mochari Ijumaa. Kabla ya majina kusomwa ulipigwa wimbo mmoja. Wimbo huo lazima utoke kwenye boksi hilo. Kila jioni, bila kukosa.

Wiki yangu ya kwanza nilizisikiliza zote, maana sikuzoea kuambiwa kitu nikakiamini. Nilizihesabu kwa kidole mezani. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Zote. Hazikuwa tenzi wala nyimbo za maombolezo. Zilikuwa wolzi, ule muziki wa mapigo matatu ambao watu wa mahoteli walikuwa wakizunguka nao sakafuni wameshikana viuno. Nyingine ziliimbwa na waimbaji wa kantri wa Marekani, wale wachunga ng'ombe, nyingine na watu wetu wa huku ziwani waliowaiga.

"Mzee," nikamwambia, "mbona zote ni wolzi?"

"Ndizo nyimbo za msiba."

"Nani alisema?"

Akanyoosha kidole juu. Nilidhani anamaanisha Mungu, kumbe alikuwa anaonyesha boksi.

"Nilipokuja nililikuta. Nikahesabu kama wewe unavyohesabu. Zilikuwa za mapigo matatu. Tangu hapo ikija mpya ya mapigo matatu, naitia humo."

"Lakini chuoni tulisoma kwamba huko wolzi zilikotoka ulikuwa muziki wa kukumbatiana. Hata wazee wao waliukemea."

"Hapa si huko," akasema, akarudi kupiga brashi.

Msinielewe vibaya, sikuwa nikizitetea wolzi. Nilizidharau kuliko yeye. Nitajieni wimbo mmoja wa aina ile usio na mama mzee getini, au treni, au barua iliyochelewa. Tulikuwa na mwimbaji mmoja wa Kendu Bay, hajawahi kuvuka Nakuru, akiimba kwa uchungu mkubwa kuhusu theluji. Kofia pana, viatu virefu vya ngozi, jua la saa saba, na theluji. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni hisia. Mimi nilikuwa nikidharau pande zote mbili: waliotunga vitu vile, na kituo kilichokata shauri kwamba vitu vile ndivyo vya kumsindikizia marehemu.

Ubaya ni kwamba watu walikuwa wamefunzwa. Nilipanga chumba Migosi, kwa Mama Pamela, mjane mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Kila jioni wolzi ilipoanza tu, alipunguza moto wa stovu. Watoto wa ua mzima waliacha kucheza bila kuambiwa. Mwanamume aliyekuwa akipita njiani alisimama penye redio ya mtu asiyemjua, akavua kofia. Hakuna jina lililokuwa limesomwa bado. Mapigo matatu yalitosha.

Basi ndipo akaja yule mwenye onanda.

Aliitwa Barnaba, mtu wa Asembo Bay, mpigaji wa harusi. Alikuwa ametunga wimbo mmoja wa Kiswahili ili usikike hadi nje ya Nyanza, unaitwa "Gauni la Akoth". Akoth ni mke wake. Siku ya harusi yao ilinyesha, barabara ya kanisani ikawa tope tupu, na Barnaba alitembea mbele ya bibi harusi akipiga polepole ili Akoth awahi kuinua gauni kila hatua. Hatua moja, pumzi mbili. Hapo ndipo alipopata mapigo matatu, si hotelini wala kwa wachunga ng'ombe. Maneno yake yalikuwa haya tu: Akoth, tembea polepole, gauni lisiguse tope. Aliurekodi Nairobi, wakaleta nakala moja kwetu, na Mzee Gideon akahesabu mapigo akautia kwenye boksi.

"Wimbo wako unapigwa kila wiki, Bwana Barnaba," Mzee Gideon alimwambia. "Kuna wanamuziki wangelia machozi ya furaha."

"Machozi yapo, Mzee. Ni ya wasikilizaji."

"Sasa unataka tuache kuupiga?"

"Nataka uhame. Jumamosi iliyopita Rarieda nimevuta tu onanda, bibi harusi akasimama kama amegonga ukuta. Mama yake akaniambia, Baba Rosa, hiyo peleka kwa watu wenye maiti. Harusi tatu wameita mwingine. Nitakula nini, upepo?"

Mzee Gideon alisema taratibu ni taratibu, akaenda kunywa chai. Ndipo Barnaba akanigeukia akaniuliza lile swali. Wimbo wangu ulikosa nini.

"Sijui," nikasema. Kisha kwa sababu nilikuwa mkweli wa kukera: "Tena wenyewe siupendi."

"Sikuja upendwe, binti. Nimekuja uhamishwe."

Hapo aliniweza. Nikamwahidi kwamba Jumamosi ile ile, Mzee Gideon akiwa mapumzikoni, wimbo wake utapigwa mchana, kwenye kipindi cha salamu, katikati ya benga na rumba, na watu wataamka usingizini. Nilitumia neno hilo, wataamka. Niliamini kwamba mazoea yaliyotiwa na redio, redio hiyo hiyo inaweza kuyatoa kwa dakika tatu. Elimu ya juu ilinifanyia hivyo.

Jumamosi, saa saba kasoro, mtangazaji alimaliza kusoma kadi za salamu nikampa santuri. Hakuiangalia. Onanda ya Barnaba ikaanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo nimekunja mikono kama daktari anayengoja dawa ifanye kazi.

Simu iliita kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

"Ng'a motho?" Sauti ya mwanamke. Nani amekufa?

"Hakuna, mama. Ni wimbo tu."

"Unanificha. Ni mkubwa, eh? Ndiyo maana mmetangaza mchana."

Nikakata. Ikaita tena. Mwanamume kutoka duka la Mamboleo alisema wateja wote wamejipanga mbele ya redio yake na hakuna anayenunua, kwa hiyo tusome hilo jina haraka watu waendelee. Wa tatu hakuuliza chochote. Alikuwa analia tayari.

Mtangazaji aliukata wimbo katikati akapiga benga. Makosa juu ya makosa: wolzi ikikatwa ghafla, watu wanajua jina limezuiliwa na serikali.

Jioni nilirudi Migosi nikiwa na hotuba kichwani kuhusu ujinga wa umma. Nilikuwa nimekaa kitandani na kitabu Mama Pamela aliposimama mlangoni. Kaka yake alikuwa amelazwa hospitalini wiki ya pili, mgonjwa wa kifua.

"Nasikia ni wewe uliweka ule wimbo."

"Ndiyo, Mama, lakini hebu nikueleze. Ni mazoea tu. Mapigo yenyewe hayana..."

Akakunjua kitu alichokuwa amekishika kwapani. Shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Nilikimbia na hii hadi wodini," akasema. "Nimemkuta anakula ugali. Ananiuliza, dada, shuka ni ya nini? Ningemwambia nini? We mwenye kusoma, niambie ningemwambia nini."

Nilifunga kitabu. Hotuba ilinitoka kichwani na mpaka leo haijarudi.

Jumatatu Mzee Gideon hakupiga kelele. Alipanda kwenye kiti, akashusha boksi, akalitia kufuli ndogo ya shaba, akalirudisha. Ufunguo aliufunga kwenye mnyororo wa saa yake. Kisha akaniuliza kama nimenawa.

Barnaba ndiye aliyeumia zaidi. Huko kwao walianza kumwita Tangazo. "Tangazo anakuja, angalieni wagonjwa wenu." Mimi niliyetaka kumwokoa nilimtoa kwenye vifo vya jioni nikamtia kwenye vifo vya mchana. Hata hivyo hakuninunia. Miaka michache baadaye aliniletea mwaliko kwa mkono: binti yake Rosa anaolewa. Chini ya mwaliko aliandika kwa kalamu, "Ni uwanja wangu, mtoto wangu, na mama yake yuko. Tutaupiga kama ulivyo. Njoo uone."

Nilienda. Ziwa lilikuwa limetulia, turubai zimefungwa vizuri, wapishi wanawake wamepanga sufuria nyuma ya nyumba, na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, hivyo hata tope lilikuwepo. Barnaba alivaa suti ya kahawia. Rosa alitokea mlangoni na gauni lake, Akoth nyuma yake ameinua pindo. Barnaba akavuta onanda.

Moja-mbili-tatu.

Niliwatazama watu, si bibi harusi. Wazee walivua kofia mmoja baada ya mwingine, bila kujua wanavua. Wapishi waliweka miiko chini. Mwanamume mmoja karibu nami alimgusa jirani yake akamnong'oneza, "Ng'a motho?" na jirani akatikisa kichwa kwamba hajui bado. Watu mia wamesimama kimya kwenye harusi wakingoja jina. Rosa alikuwa amekanyaga hatua moja, mguu wa pili hewani.

Barnaba hakuacha. Alifunga macho akaendelea, nadhani akitumaini wangechoka kuhuzunika kabla yeye hajachoka kupiga. Alifika "gauni lisiguse tope." Ndipo Akoth, ambaye gauni la wimbo lilikuwa lake, aliachia pindo la mtoto wake akamsogelea mumewe.

"Baba Rosa," akasema, si kwa ukali. "Badilisha."

Barnaba alifungua macho akamtazama. Akabadilisha pale pale, bila kusimamisha vidole, maneno ni yale yale, lakini mapigo manne. Ukawa benga. Vigelegele vikapanda, kofia zikarudi vichwani, Rosa akashuka ngazi kwa haraka, na gauni likaburuta topeni mita zote mpaka barabarani. Nilijikuta nakasirika kwa ajili ya wimbo ambao niliwahi kumwambia mwenyewe siupendi.

Alirekodi ule wa mapigo manne mwaka huo huo. Ulitoka vizuri. Kadi za salamu zilikuja kwa magunia, na Mzee Gideon aliuweka rafu ya mbele akaniambia, "Unaona? Sasa ametunga wimbo." Mimi mpaka leo siuvumilii. Akoth wa mapigo manne anakimbia. Ukikimbia, habari ya tope ya nini?

Miaka ya tisini ikaja na kanda, halafu na diski zile zinazong'aa, na santuri zikaanza kuoza rafuni. Mzee Gideon alistaafu. Siku yake ya mwisho alifungua mnyororo wa saa akanipa ufunguo. Sasa nitawaambia kitu ambacho kinanichoma kuliko shuka la Mama Pamela. Kufuli nilikuwa nayo, amri nilikuwa nayo, na maswali yangu yote nilikuwa nayo. Ningeweza kuzitoa wolzi zote siku hiyo. Nilifanya nini? Kila jioni nilifungua boksi, nikachagua wolzi, nikaandika kadi. Watu walikuwa wanaingoja. Mwajiriwa mpya akaniuliza, mwenzenu mmoja ambaye sasa ni bosi wenu, "Madam, mbona zote ni wolzi?" Nikamjibu bila kuinua kichwa: ndizo nyimbo za msiba.

Barnaba alifariki kabla miaka hiyo haijaisha. Tangazo lake lililetwa na Rosa mwenyewe, limeandikwa kwa mkono: mume wa Akoth, baba ya Rosa. Nilimwuliza wanataka upigwe upi kati ya nyimbo zake mbili. "Mama amesema wa kwanza," akajibu. Nikaupiga wote, mpaka mwisho wake unaofifia. Najua jioni ile jiko lilipunguzwa kila nyumba kutoka Kisumu hadi Asembo Bay, na kwa mara moja tu wimbo ule na jina lile vilikuwa vya mtu mmoja. Mapema mwaka uliofuata mkurugenzi aliamuru kanda moja ya kinanda itumike kila siku, na boksi likatupwa. Halikuhitaji msomi kuliondoa. Lilihitaji uvivu.

Mwezi uliopita, nikiwa mstaafu mwenye muda wa kupanga foleni, nilikutana kliniki ya macho na Bwana Salim. Ninyi hamumjui. Alikuwa fundi wa mitambo kituoni kabla ya wakati wangu, mtu wa mtaa wa Waislamu pale mjini, sasa ni mzee sana na anatembezwa na mjukuu. Nilipomtajia boksi alicheka.

"Lile nililigonga mimi. Misumari yangu, rangi yangu."

"Bwana Salim, kwa nini ulitia wolzi?"

"Wolzi ni nini?"

Nikampigia kwenye benchi kwa kidole. Moja-mbili-tatu. Akatikisa kichwa.

"Mama, mimi ni mtu wa nyaya, muziki siujui. Ilikuwa hivi. Jioni moja kabla ya majina, santuri ilikuwa imechakaa, sindano ikanasa kwenye neno moja. Njoo. Njoo, njoo, njoo, njoo. Kisha majina ya maiti yakasomwa. Wenye maiti walikuja na marungu, wakidai tunawaita wengine kaburini. Mkuu akaniambia, Salim, tafuta santuri ambazo haziwezi kuruka. Sasa kituo kizima, zilizokuwa nzima ni zile za hotelini walizoacha wazungu. Hakuna mtu aliyekuwa akiziomba kwenye salamu, kwa hiyo hazikuwa zimechezwa. Mpya kabisa. Nikagonga boksi nikazitia."

Akaitwa kwa daktari, mjukuu akamshika mkono, nami nikabaki kwenye benchi na jibu la swali la Barnaba. Wimbo wake haukukosa kitu. Ulifanana kwa mapigo na nyimbo za hotelini ambazo santuri zake hazikuwa na mkwaruzo.